Ikuyu Imefika Kambu

Nikiulizwa na watu wa Sultan Hamud ninafanya kazi gani, huwa nawaambia ni ya kompyuta, na maswali yanaishia hapo. Nikijaribu kusema ukweli, kwamba ninafuatilia papa wa baharini, mtu hunikagua kuanzia viatu hadi kichwa, halafu anauliza bahari iko wapi hapa. Haiko. Ukitoka nyumbani kwa mama unaona reli ya zamani, unaona malori ya Mombasa, unaona vumbi. Ukipanda kilima upate kuona mbali, unaona vumbi la mbali.

Lakini siku hizi papa hafuatwi kwa mashua. Wenzangu wa Pwani humshika, wanamfunga kidude chenye antena kwenye pezi la mgongo, wanamwachilia aende zake. Kila akipanda juu na pezi likitokeza nje ya maji, kile kidude kinaita setilaiti, na setilaiti inaniletea mimi alama kwenye ramani. Mimi naunganisha alama. Basi. Papa hana pasipoti wala hajui Kenya inaishia wapi. Leo yuko kwetu, kesho kutwa yuko kwenye maji ya Tanzania, mwezi ukigeuka yuko Somalia anakula vya wenyewe. Nchi zote hizo zinataka kukubaliana nani avue nini na nani aache nini, na hamwezi kugawana samaki ambaye hamjui anashinda wapi. Ndiyo maana kuna watu kama mimi, tumekaa sebuleni kwa mama zetu, tunatazama bahari ambayo hatuinusi.

Sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kufuta. Setilaiti nayo hukosea. Wimbi likipiga pezi wakati kidude kinaongea, ishara inafika nusunusu, na unaamka asubuhi unakuta papa yuko Isiolo. Siku moja nilimpata Mwingi. Sasa jameni, papa ameenda kufanya nini Mwingi? Unafuta. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza niliyofundishwa na bosi: samaki akionekana nchi kavu, ni uongo, futa.

Bosi wangu ni mzee wa Pwani ya Kenya ambaye amekaa Shelisheli tangu ujana wake, maana ofisi yetu kubwa iko huko. Anaongea Kiswahili kitamu mpaka unaona haya kufungua mdomo. Mimi nikisema "hiyo papa imeenda," yeye hupiga kite kwenye simu kama mtu aliyekanyaga mwiba. "Huyo papa ameenda, mwanangu. Ana roho huyo." Nilimzoea. Nadhani na yeye alinizoea.

Nilirudi nyumbani kwa sababu ya goti la mama. Baba alifariki zamani, mimi ni mtoto wa pekee, na mama alipofanyiwa upasuaji hakukuwa na mtu mwingine wa kumshika mkono akienda chooni. Nilimwomba bosi nifanyie kazi nyumbani, akakubali mara moja. Tulikuwa tumebakiwa na papa mmoja tu kwenye sehemu yangu ya kazi, jike mkubwa, mrefu kuliko kitanda chochote nilichowahi kulalia. Wengine vidude vyao vilikuwa vimeanguka au vimekufa betri. Bosi akaniambia wazi: "Maadamu huyu anaogelea na anasema, kaa na mama. Siku akipotea kabisa, kazi ya hapo imekwisha, na mimi nakuhitaji huku kisiwani. Mkataba wa miaka mitatu." Nikasema ni sawa. Nilikuwa naitamani hiyo Shelisheli, nisidanganye. Nani hatamani?

Nikamweleza mama yote mawili, papa na Shelisheli. Alikuwa kwenye kigoda anachagua mawe kwenye ndengu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa," akatupa jiwe nje ya mlango, akaendelea kuchagua.

Huyo ndiye mama yangu. Ni mwanamke ambaye hajawahi kumwomba mtu kitu. Nilipoondoka kwenda chuo kikuu, wenzangu walililiwa na mama zao mpaka mabasi yakachelewa. Wangu alifika stendi akaniuliza kama nimebeba sweta. Nikasema nimebeba. Akageuka akaenda sokoni. Basi nilikua nikijua kwamba mama yuko sawa nikiwepo, na yuko sawa nisipokuwepo, labda zaidi. Na tangu nirudi, kila siku alikuwa na neno. Tokeni za stima zinaisha haraka kwa sababu ya hiyo laptopu. Mtu mzima anakaa kwenye kiti kutwa nzima kama amepakwa gundi. Chai inapoa. Kuku wanaingia ndani kwa sababu nimeacha mlango wazi. Nikasema moyoni, huyu siku nikienda atafanya sherehe.

Ila kila asubuhi, kabla hata ya salamu, alikuwa anauliza: "Ikuyu yako imesema?"

Hapo lazima nieleze. Ikuyu ni samaki kwa Kikamba. Lakini ni neno la nadra sana kwetu, kwa sababu sisi na samaki ni kama watu wanaosalimiana tu kanisani. Ukienda sokoni unasema samaki, unasema omena, hakuna mtu anayeuliza bei ya ikuyu. Hilo neno limebaki zaidi kwenye Biblia ya Kikamba, pale pa mikate mitano, na kwenye midomo ya watu wa rika la mama. Vijana wengi hawalijui kabisa. Wanachojua ni kwamba ukitaka kukifanya kitu kiwe kikubwa na cha kutisha kidogo kwa Kikamba, unakibandika i mbele. Kwa hivyo ukimwambia kijana wa Sultan Hamud "ikuyu," anaona jitu. Anaona Mkikuyu, mkubwa, amesimama mlangoni.

Nililijua hilo, lakini sikulifikiria. Nilikuwa na shida zangu. Yule papa alikuwa amepita Lamu akielekea kaskazini, kama kawaida yake, na baada ya kuvuka mpaka wa Somalia akanyamaza. Siku ya kwanza hujali, samaki hana sababu ya kukaa juu akikupungia mkono. Wiki ya kwanza pia hujali sana. Baadaye unaanza kufungua laptopu kabla ya kunawa uso. Mama aliniona. Akiuliza kama imesema, najibu bado, na anasimama hapo kidogo akiwa ameshika kikombe changu, haendi.

Jumapili moja, kanisani, mchungaji aliuliza kama kuna mwenye ombi. Mama akasimama na goti lake. Kiswahili anakijua, lakini haombi kwa Kiswahili hata kidogo. Mungu wake anasikia Kikamba. Akawaambia watu wote, kwa sauti ya kufika hadi kwenye viti vya nyuma, kwamba ikuyu ya binti yake imepotea ng'ambo, haijulikani kama iko hai au imekufa, na anaomba kanisa liungane naye ili irudi salama. Akaanza kulia. Mama! Analia! Mimi niliinamisha kichwa nikadhani ni uchungu wa goti.

Kanisa liliomba. Liliomba kwa moto ambao sijawahi kuuona, hata kwa ajili ya mvua. Nilipotoka nje wanawake walinikumbatia kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mmoja alininong'oneza, "Wanaume ni hivyo, vumilia." Nikafikiri huyu naye ana mambo yake nyumbani.

Kesho yake akaja mzee wa mabati. Namwita hivyo kwa sababu ana duka kubwa la vifaa vya ujenzi karibu na barabara: mabati, misumari, mifereji, antena za televisheni, kila kitu. Familia yake ni Wakikuyu, ilitoka mkoa wa Kati ikaja kufungua biashara hapa kabla sijazaliwa. Kikamba anakiongea vizuri, lakini ni Kikamba cha dukani. Atakutajia kila aina ya msumari. Mama alikuwa shambani. Nikamkaribisha mzee, akavua kofia, akakataa chai mara mbili, ya tatu akakubali.

"Msichana wangu," akaanza, "nimekuja kwa sababu ya ombi la jana. Nimesikia imepotea."

"Ndiyo, baba. Tangu ipite Lamu."

"Lamu! Ilienda kufanya nini Lamu?"

"Ilikuwa inapita tu. Ilikuwa inaenda Somalia."

Akaweka kikombe chini. "Somalia."

"Huwa inaenda. Kuna chakula kingi huko."

"Na nyumbani kwao wanajua?"

"Haina nyumbani, baba. Inazunguka tu. Msumbiji, Tanzania, mahali popote."

Akanitazama kwa huruma kubwa. "Na wewe umeikubali hivyo hivyo?"

"Si ndiyo kazi yangu?"

Mzee akavuta pumzi, akapangusa uso kwa kofia. Akasema, "Sisi ni wachache kwenye hii barabara. Kutoka Malili mpaka Kambu tunajuana wote. Nataka unisaidie tu nijue hapa tunazungumzia nini. Ina watoto?"

"Hatuna uhakika," nikasema. "Ila tunashuku ina mimba."

Chai ilitoka puani. Haki ya nani, nilidhani mzee anakufa kwenye kochi la mama. Nilimpiga mgongo, nikamletea maji, na akiwa bado anakohoa aliniuliza ni Mkikuyu gani huyo wa kupata mimba. Ndipo nilipoelewa ni nini kanisa zima lilikuwa linaombea. Nikamwonyesha laptopu, ramani, mstari mwekundu unaopanda kutoka Tanzania, unapita Lamu, unakatika. Akautazama sana. Halafu akacheka hadi akashika tumbo. "Najua nyinyi hutuita ikuyu mkitukasirikia," akasema. "Nikasema basi, huyu mama amekasirika, lakini amempenda mkwe."

Kiswahili chetu cha huku pia hakikutusaidia. Mahali pengine mtu angesema "imepotea," mwenzake angejua hapo si mtu. Lakini sisi kwetu mtoto imelala, mgeni imefika, hata mchungaji imeenda Machakos. Bosi nilipomsimulia alifurahi sana. Akasema hayo ndiyo malipo ya kuchezea lugha ya watu.

Kicheko chake hakikuchukua muda. Siku chache baadaye papa alisema.

Alisema akiwa ufukweni, kusini mwa Mombasa. Nikaruka kutoka kwenye kiti. Alikuwa amerudi kutoka Somalia kimyakimya chini ya maji, bila hata kubisha hodi! Nikamwita mama. Akaja mbio na goti lake, akaitazama alama kwenye ramani, akasema asante Yesu mara nyingi, akaenda kumwagia kuku mahindi mengi kupita kiasi. Nilipotazama tena, papa alikuwa ndani kidogo ya nchi kavu. Nikafuta. Kosa la kawaida. Akasema tena, yuko Mazeras. Nikafuta. Akasema tena, yuko Mariakani, na Mariakani akatulia, alama juu ya alama, zote mahali pamoja. Nikawa nafuta, nafuta, nakasirika, nikisema setilaiti imerukwa na akili leo.

Nilikuwa nimefuta hadi Voi mkono wangu uliposimama. Rudi, nikajiambia. Rudisha hizo alama zote. Nikazirudisha, nikaziunganisha, na kwenye kioo ukatokea mstari ambao nimeujua tangu nikiwa na meno ya utoto. Hiyo kona. Huo mnyooko mrefu. Mtu wa Shelisheli angeona takataka za setilaiti. Mtoto wa barabara ya Mombasa anaona barabara ya Mombasa. Na nani asiyejua kinachosimamisha vitu Mariakani? Mizani! Papa wangu alikuwa amepanga foleni kwenye mizani ya malori.

Nilitaka kucheka, kicheko kikakataa, kwa sababu nilikuwa nimeona jambo lingine. Kidude kikiwa ndani ya maji kinanyamaza. Kinaongea kikiwa nje tu, hewani. Papa aliye hai anaongea maneno machache kwa siku, pezi linatoka, linazama. Huyu alikuwa anaongea bila kupumzika. Papa anayeongea namna hiyo hana maji tena.

Simu ikalia. Alikuwa bosi, ambaye anaona ramani ileile ninayoiona. "Mwanangu," akasema, "mbona samaki wetu amepanda bara? Anakuja kukuamkia?" Alitania, lakini sauti haikuwa ya mzaha. Na yeye alikuwa ameelewa. Akaniambia nijaribu kukipata hicho kidude, kina kumbukumbu ya safari yake yote, na baada ya hapo tupange tarehe ya kuja kisiwani.

Nilipomweleza mama, alisikia nusu tu. "Inakuja huku?"

"Mama, ikiwa iko barabarani, imekufa."

"Twende tuone kwanza," akasema, na akaingia chumbani kubadilisha nguo. Alitoka amevaa ile suti ya Jumapili.

Kufikia asubuhi iliyofuata alama zilikuwa zimetulia mahali pamoja: Kambu. Mzee wa mabati alikuwa na mzigo wa kupeleka upande huo, na nadhani hata kama hangekuwa nao angeutafuta, maana hakutaka kusimuliwa. Mama alikaa mbele na mkoba mapajani, mimi katikati, mzee akiendesha na kuniuliza kila baada ya kilima kama mkwe bado yuko palepale.

Kambu kuna mama mmoja mwenye hoteli ndogo kando ya barabara, chapati na maharagwe, na televisheni juu ya kabati ili madereva wasiondoke upesi. Niliingia uwanjani nikitazama simu, nikainua macho, nikaona mti mrefu umesimamishwa kando ya paa, na juu ya mti, kimefungwa kwa kamba ya katani, kidude chetu. Kilikuwa kimeunganishwa na waya unaoingia kwa dirisha.

"Hiyo ni antena yangu," mwenye hoteli akasema kabla sijafungua mdomo.

Akatueleza. Dereva mmoja mteja wake alimwachia. Dereva naye alipewa na wavuvi wa kusini, waliomkuta papa amekufa kwenye wavu, wakamkata, wakauza nyama, wakabaki na hicho kidude wasijue ni cha nini. Kwa vile kina kiantena, dereva alisema lazima ni cha kushika stesheni. "Na tangu nikiweke," mama wa hoteli akasema, "mpira unaonekana mpaka majani ya uwanja."

Nilijaribu kumweleza kwamba kile kitu hakishiki stesheni yoyote, kinaongea tu, hakisikii. Akanionyesha televisheni. Ilikuwa safi kama maji. Sasa hapo utabishana na nini? Nilianza kupandisha sauti, ni tabia yangu. Mzee wa mabati akanigusa bega, akaenda kwenye gari, akarudi na antena mpya ndani ya boksi. Wakaipandisha. Mama wa hoteli akaitazama picha kwa muda mrefu, kichwa upande.

"Ile ya samaki ilikuwa nzuri zaidi," akasema, lakini akaniachia.

Nikampa mama akishike. Kilikuwa kidogo, kinaenea kiganjani, kimechubuka, bado kina harufu. Akakigeuza.

"Ni hii tu?"

"Ni hii, mama."

"Na yenyewe?"

"Imeliwa."

Tukaingia garini turudi. Nilimtupia jicho nikaona amekipakata juu ya mkoba. Mzee wa mabati naye, Mungu ambariki, hakuuliza tena habari za mkwe. Karibu na Emali mama akauliza, bila kunitazama, "Na sasa hivi inasema?"

"Inasema. Iko nje ya maji, itasema mpaka betri iishe."

"Na ikiwa ndani ya maji?"

"Inanyamaza. Kama zamani."

"Kama inaogelea," akasema.

"Ndiyo, kama inaogelea."

Tulipofika nyumbani nilikiweka mezani, karibu na laptopu, nikipeleke siku ya pili kwa basi la Mombasa. Nikalala mapema. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na huzuni, kusema kweli. Nilikuwa nimemfuata yule papa mwaka na zaidi, na sikuwahi kumwona.

Asubuhi nikafungua laptopu. Hakuna kitu. Kidude kilikuwa kimenyamaza tangu jana jioni. Nikatazama mezani, hakipo. Nikatafuta chini ya kochi, nikatafuta kwenye mkoba wa mama, nikashuku kuku. Mama alikuwa nje anafagia uwanja, na alikuwa anafagia mahali pamoja tu.

Mama ana pipa la maji jikoni. Mtu asiyeishi sehemu kavu hataelewa nikisema pipa. Hayo ni maji yanayoletwa na punda kutoka mbali. Pipa lina kifuniko, juu ya kifuniko kuna sinia, juu ya sinia kuna kikombe kimoja tu kinachoruhusiwa kuingia. Nikiwa mtoto niliwahi kuchota na mkono, na sikurudia tena. Basi niliingia jikoni kuchota maji ya chai, nikafunua, na chini kabisa nikaona kitambaa. Nikaingiza mkono mzima. Ilikuwa ni kipande cha leso, kimefungwa kwa jiwe, na kwenye ncha nyingine kimefungwa kidude cha papa, kisije kikaelea.

"Mama!" Nilitoka nacho kinadondosha maji. "Hii ni nini? Kwenye maji ya kunywa? Kitu kilichotoka kwa samaki mfu?"

Aliendelea kufagia. "Ulisema ikiwa kwa maji inanyamaza."

"Ndiyo, nilisema."

"Na ikinyamaza, huko kwa bosi yako wanajua inaogelea."

Nikafungua fundo la leso, nikatoa jiwe.

"Si milele," akasema. "Nilikuwa nataka mwezi mmoja tu. Mpaka ndengu zivunwe."

Nikamwambia polepole. Kwamba bosi anaona ramani ileile. Kwamba aliiona ikipanda barabara kabla hata hatujafika Kambu. Kwamba anajua ilikufa na tayari ametaka tupange tarehe. Mama akasimama na ufagio mkononi. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyekamatwa. Sijawahi kuuona uso huo kabla, na sitaki kuuona tena.

"Kwa hivyo nimeharibu maji bure," akasema.

Akaweka ufagio ukutani. Ukaanguka. Akauinua, akauweka tena. Halafu akanigeukia na akasema, kwa Kikamba, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake, "Usiende."

Nilikaa chini papo hapo kwenye uwanja uliofagiwa. Nililia kama mjinga. Yeye alibaki amesimama juu yangu, hajui afanye nini na mikono, kisha akaniambia niinuke, natia nguo vumbi.

Nilimpigia bosi mchana. Nikamwambia kidude kiko njiani na mimi siji. Akanikumbusha kwa upole kwamba hana kazi nyingine ya mtu kufanyia sebuleni kwao, na nafasi kama ile ya kisiwani haitarudi. Nikamwambia najua. Akaniuliza basi kwa nini.

"Mama amesema nisiende," nikasema, na nikajisikia nilivyo, mtu mzima, na shahada zangu mbili.

Nilingoja anicheke. Hakucheka.

"Mama yangu mimi hakusema hilo," akasema. "Alinifungia maandazi tu, nikaenda."